Tukila Ujana wa Mtu, Uzee Wake Ni wa Nani?

 



Ijumaa hii tutazungumza juu ya jambo lililoingia ndani ya msikiti wetu wenyewe na kuigawa komite mara mbili. Mnamjua mzee anayetuletea maji ya udhu. Wengi wetu tulikuwa bado watoto wa madrasa naye alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo. Siku robine ikikauka, anashuka mtoni Lualaba mbele ya Alfajiri, anapanda na bidoni mbili za lita 20, anajaza pipa lililo karibu na mlango, kisha anafagia baraza na kutandika mikeka. Mshahara hana. Anachopata ni kile ambacho jamaa wanamtilia mkononi siku ya Ijumaa, na fungu lake la zakatul-fitri na la nyama ya Idi. Umri wake hakuna anayeujua sawasawa, maana cheti hana, lakini mambo ya mwaka 1960 anayasimulia kama mtu aliyeyaona kwa macho akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Hesabu wewe mwenyewe.

Mwezi uliopita alianguka kwenye mtelemko. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini bidoni zilipasuka, maji yakamwagika, na sisi tuliokuwa tumesimama barazani kungoja maji yake tukaona haya.

Komite ikakaa. Wengine wakasema: mzee huyu apumzike, atafutwe kijana. Wengine wakasema: mkimtoa kazini mtamuua, mtu wa namna hii akikaa bure anaondoka duniani upesi. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na nilisema kwa sauti kubwa, maana niliona huo ndio upande wa huruma. Leo ninaandika karatasi hii kwa sababu sina tena uhakika kwamba nilichokitaka mimi kilikuwa huruma.

Ndugu Muislamu, usidhani hili ni jambo la msikiti wetu tu. Ulimwengu mzima unagombana juu yake. Mwaka 2023 Ufaransa ilipitisha sheria ya kusukuma umri wa kwenda retreti kutoka miaka 62 hadi 64, na watu kwa maelfu ya maelfu wakajaa barabarani kuikataa. Japani, nchi ambayo karibu watu 3 katika kila 10 wamepita miaka 65, ilitengeneza sheria iliyoanza mwaka 2021, inayowataka wenye makampuni wajitahidi kuwawekea wazee wao nafasi ya kazi mpaka miaka 70. Huko wazee zaidi ya milioni 9 waliopita miaka 65 wanafanya kazi. Hoja ya wenye serikali ni nyepesi kuifahamu: watu wanaishi miaka mingi zaidi, watoto wanaozaliwa ni wachache, basi anayeishi zaidi na afanye kazi zaidi, la sivyo mfuko wa pensheni utakauka.

Hoja hiyo ina kitu ndani yake. Lakini ina tundu, na waganga wenyewe ndio waliotuonyesha. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu mambo mawili mbali mbali. La kwanza ni miaka ambayo mtu wa wastani anaishi. La pili ni miaka anayoishi akiwa mzima, yaani macho yanaona, magoti yanakunjika, pumzi inatosha. Mwaka 2019, kabla ugonjwa wa Korona haujaja, hesabu ya kwanza kwa dunia nzima ilikuwa miaka 73 na kitu. Hesabu ya pili haikufika 64. Katikati kuna miaka tisa au zaidi ambayo mtu anaishi lakini mwili wake unamdai. Tena tangu mwaka 2000 mpaka 2019 umri uliongezeka kwa miaka zaidi ya sita, na miaka ya uzima ikaongezeka kwa mitano na kitu. Maana yake, si kila mwaka ulioongezwa ulikuja na nguvu zake. Mwingine ulikuja na fimbo.

Jambo hili kwetu sisi wasomaji wa Qur'ani si geni. Katika Suuratu Rum Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametufahamisha kwamba alituumba katika udhaifu, akajaalia nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu tena pamoja na mvi. Na katika Suuratu Yasin ametuambia kwamba yule anayepewa umri mrefu hurudishwa nyuma katika umbile lake. Umri ni neema moja na nguvu ni neema nyingine, na Mola hakuahidi kwamba zitatembea pamoja mpaka mwisho wa njia. Mtume wetu (s.a.w.) alisema kwamba umri wa umma wake ni kati ya miaka 60 na 70, na wachache ndio wanaopita hapo. Na alipotaja neema mbili ambazo watu wengi wanapunjika ndani yake, alitaja afya na nafasi. Hakutaja wingi wa miaka.

Basi sheria yetu inampimaje mtu mzee? Tazama swala. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kuswali. Akamwelekeza aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa kulala ubavu. Tazama na saumu. Mzee asiyeiweza anakula na kulisha masikini. Hakuna mahali ambapo imeandikwa kwamba mwenye miaka 65 asisimame, au mwenye miaka 70 asifunge. Kipimo si tarehe ya kuzaliwa, ni uwezo. Mzee wa miaka 80 anayeweza kufunga anafunga, na mtu wa miaka 50 aliyevunjwa na maradhi anasamehewa, wala hakuna anayemwita mvivu.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya sheria hizo za huko Ulaya, na za kwetu vile vile, zinazokata watu wote kwa panga moja. Mtu aliyekaa bironi miaka 35 akiandika barua, akifika 64, huenda anaweza kuendelea na akafurahi. Lakini yule aliyebeba mataruma ya reli, au mama aliyebeba makaa kichwani tangu alipokuwa msichana, mgongo wake ulikwenda retreti zamani, kalenda tu haijapata habari. Ukiwaambia wote wawili waongeze miaka miwili, umewaambia neno moja lakini hukuwapa mzigo mmoja. Mtume (s.a.w.) alikataza kumtwika mtumishi kazi asiyoiweza, na akaamrisha kwamba ukimtwika, basi umsaidie. Siku moja aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia anatokwa na machozi. Akamfuta machozi, kisha akamwita mwenyewe na kumwambia kwamba ngamia amemshitakia: anamtia njaa na anamchosha. Ikiwa mnyama alikuwa na haki ya kushitaki uchovu wake, mzee wetu je?

Wengine kwenye komite walitoa hadithi ya mche: kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, basi aupande. Wakasema, unaona, Muislamu hana retreti, ni kazi mpaka kufa. Ninawaheshimu walioitoa, lakini waisome yote. Ndani yake mna sharti: akiweza kuupanda. Tena ni mche mmoja, ulio tayari mkononi mwake. Hakuna aliyemwambia akalime shamba zima. Hadithi hiyo inamfundisha mzee asikate tamaa. Haikuja kumfundisha tajiri namna ya kumfuata mzee mpaka kaburini na jembe.

Kuna kisa katika Suuratul-Qasas ambacho tunakisoma kila mara na hatukipimi kwa jambo hili. Nabii Musa (a.s.) alipofika kwenye maji ya Madyan aliwakuta wasichana wawili wanazuia kondoo wao pembeni. Akawauliza habari zao, wakamwambia hawanyweshi mpaka wachungaji wengine waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Wengi husema huyo mzee ni Nabii Shuaib (a.s.), wanazuoni wamehitilafiana, na kwa leo halitubadilishii neno. Tazama nyumba hiyo. Baba amezeeka, kazi nzito ya kisimani imemwondokea, watoto wameishika. Lakini je, mzee amekuwa si kitu? Hapana. Binti anamshauri amwajiri Musa kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu, na anayekata shauri ni mzee. Anayeweka mapatano ni yeye. Mikono imepumzika, akili inafanya kazi.

Na mapatano yenyewe, Subhanallah! Alimwekea Musa miaka minane ya kazi. Akaongeza kwamba akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake Musa, na kwamba yeye hataki kumtaabisha. Minane ni wajibu, miwili ni hiari, na mwenye hiari ni mfanyakazi, si mwajiri. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba Musa aliitimiza ile mirefu. Aliitimiza kwa sababu ya ukarimu wake, hakuna aliyemsukuma. Mimi naona swali lote la miaka ya kuongeza limelala hapo. Hakuna ubaya mtu kufanya kazi zaidi ya muda wake, Musa alifanya. Ubaya ni kumnyang'anya ile hiari, na kuna njia mbili za kumnyang'anya. Ya kwanza ni kumlazimisha kwa sheria. Ya pili ni kumlazimisha kwa njaa, na hiyo ya pili ndiyo ya kwetu Kongo.

Maana sisi, ndugu zangu, hatuna ugonjwa wa Japani. Kwetu karibu nusu ya watu hawajafika miaka 15, na waliopita 65 ni kama watatu katika kila mia. Watu wanasema, Mkongomani anaishi miaka 60 hivi, uzee ni shida ya wazungu. Hesabu hiyo haifahamiki vizuri. Imeshushwa chini na watoto wachanga wengi tunaowazika. Aliyevuka utoto na kufika 60 bado ana miaka zaidi ya kumi mbele yake kwa kawaida, inshallah, na hiyo miaka ataila nini?

Mfuko wa taifa wa usalama wa jamii uliundwa mwaka 1961 kwa jina la INSS, na mwaka 2018 ukawa CNSS. Ni jambo jema, lakini anayeingia humo ni mwenye kazi ya mkataba ambaye tajiri wake amemlipia. Mama wa sokoni hayumo. Mkulima hayumo. Kijana anayesukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kutoka vijijini mpaka mjini, wiki nzima njiani, hayumo, na goti lake analitumia leo kama vile lina akiba benki. Mtumishi wa leta, sheria ya mwaka 2016 inamwambia aende retreti akiwa na miaka 65 au akitimiza 35 ya kazi. Lakini wangapi mnawajua waliopita hapo na bado wanafungua ile biro kila asubuhi? Hawafanyi hivyo kwa kupenda kazi. Wanajua kwamba siku watakayotoka bila feza ya mwisho wa kazi ndiyo siku ya kuanza kuomba. Na kijana mwenye diploma anakaa nje anangoja kiti, anamchukia mzee, na mzee anamwogopa kijana, na wote wawili ni masikini.

Kuna na kinyume chake. Huko Katanga, miaka ya 2003 na 2004, Gécamines iliwatoa wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa feza zilizotoka Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Neno hiari liliandikwa kwenye karatasi, lakini mtu mwenye njaa ukimwekea feza mezani na kumwambia achague, umempa nini cha kuchagua? Wengine wao wangeweza kufanya kazi bado. Musa alikuwa na hiari ya kubaki. Hawa waliambiwa hiari yao ni kuondoka.

Sasa sikilizeni kisa ambacho kilinigeuza. Kadhi Abu Yusuf, aliyekuwa kadhi wa Baghdad wakati wa Harun al-Rashid, amekiandika katika Kitabul-Kharaj. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), akiwa khalifa, alipita kwenye mlango wa watu akamkuta mzee kipofu anaomba. Akamgusa mkono kwa nyuma, akamuuliza ni katika watu gani wa Kitabu. Akasema ni Myahudi. Akamuuliza kimempeleka nini kuomba. Akajibu: kodi ya jizya, shida, na umri. Umar akamshika mkono akaenda naye nyumbani kwake, akampa kitu katika vitu vya nyumba yake. Hakuishia hapo. Akamwita mtunza hazina ya Waislamu, akamwagiza amtazame mzee huyu na walio mfano wake, akaapa kwamba tutakuwa hatukumtendea uadilifu ikiwa tumekula ujana wake kisha tunamtupa wakati wa uzee. Akamwondolea jizya, yeye na walio kama yeye.

Pima mambo machache humo. Umar hakumuuliza miaka yake. Hakumuuliza watoto wake wako wapi, swali ambalo sisi ndilo la kwanza. Hakumwambia dini yake si yetu. Na jambo ninalolipenda kuliko yote: alitoa mara mbili. Alitoa nyumbani kwake, kwa sababu njaa ya siku ile haingojei baraza. Kisha akaamrisha itoke hazina, kwa sababu alichokiona mlangoni hakikuwa mtu mmoja. Sadaka ya mfukoni inamtosha mzee huyu leo. Haiwatoshi walio mfano wake. Waislamu wa Zanzibar wanaweza kutuonyesha: tangu mwaka 2016 serikali yao inampa kila mzee aliyefika miaka 70 feza kila mwezi, ilianza na shilingi 20,000, bila kumuuliza kama aliwahi kuwa na mkataba wa kazi. Si feza nyingi. Lakini mzee anaipokea kama haki yake, hainyooshei mkono mtu.

Najua mtasema, wazazi ni juu ya watoto wao, na Suuratul-Israa imetukataza hata kuwaguniɑ. Kweli kabisa, na anayemwacha mama yake ale kwa jirani huku yeye ananunua simu mpya, ajue atasimama mbele ya nani. Lakini mzee wetu wa maji alizika watoto wawili wakati wa vita, na wa tatu alikwenda kwenye machimbo, habari zake hazijulikani. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba watoto ndio pensheni ni kumchoma. Na sisi tumekunywa ujana wake, tumetawadha nao. Mimi binafsi nimeswali kwa maji ya mtu huyu zaidi ya miaka thelathini, na ile Ijumaa niliyosema apumzike sikuuliza atakula nini siku ya Jumamosi. Nilitaka kuiondoa aibu yangu pale mtelemkoni. Yeye nilitaka kumwondoa pamoja nayo.

Imamu alipoona tunabishana, alituuliza kama kuna aliyemuuliza mwenyewe. Hakuna. Basi akaitwa. Akaja, akakaa karibu na mlango kama kawaida yake, akasikiliza maneno ya pande zote mbili mpaka mwisho. Kisha akasema: “Wanangu, mimi sikusema nataka kupumzika. Mimi nataka bidoni ndogo.”

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza.

Tumekumbuka Nabii Ibrahim (a.s.), ambaye katika ukubwa wake alizinyanyua nguzo za Al-Kaaba pamoja na mwanawe Ismail. Hawakupokezana, mmoja akitoka ndipo mwingine aingie. Walikuwa pamoja, mzee kwa ujuzi wake na kijana kwa mabega yake. Kwa hiyo shauri lililo mbele ya komite ni hili: vijana wawili wa madrasa washuke mtoni kwa zamu kwa maji mazito, mzee abaki na ufunguo, mikeka na pipa, na maji ya birika za wagonjwa, maana hataki kuacha kabisa kushika maji, na iwekwe feza ya kila mwezi kwa jina lake, iandikwe katika daftari, isitegemee nani amemkumbuka mlangoni. Na siku mikono itakaposhindwa hata na bidoni ndogo, feza hiyo isikatwe.

Neno la mwisho ndilo lililoleta ubishi. Mmoja wetu amesema, tukimlipa asiyefanya kazi, kesho atakuja mama anayefagia upande wa wanawake, na keshokutwa mwalimu mzee wa madrasa, na mwadhini, tutawalipa wote kwa feza gani? Alisema kama hoja ya kukataa. Lakini tazameni vizuri, hao aliowataja ndio walio mfano wake.

Komite itakaa Jumapili baada ya Alasiri, na kila mmoja anaruhusiwa kuingia na kusema. Bidoni mbili za lita 5 zimekwisha kununuliwa. Daftari limefunguliwa, liko kwa mtunza feza, na hadi leo lina majina saba.